Kutoka Dodoma Kwenda Kutazama Barafu ya Kibo

Msafiri akaaye Dodoma, katika uwanda wa Ugogo ambako mvua ni ya msimu mmoja tu na vumbi la kiangazi halisazi kitu, hana haja ya kuvuka bahari ili aione barafu idumuyo mwaka mzima. Ashike barabara ya lami ipitayo Kondoa na Babati hadi Arusha, aendelee mpaka Moshi, na hapo atakuwa chini ya Kibo, sehemu ya juu kabisa ya Mlima Kilimanjaro, ambayo kilele chake, Uhuru, kina kimo cha mita 5,895.

Kwanza aijue tabia ya kitu anachokiendea. Barafu iliyoko kwenye tambarare ya kileleni husimama wima kama kuta, zilizopigwa mistari ya vumbi la kale. Na kwa kuwa hewa ya huko ni kavu mno, jua huzila ubavuni, na sehemu kubwa hugeuka mvuke pasipo kwanza kuwa maji. Theluji ikiwa haba tangu mwisho wa karne ya 19, na dunia ikizidi joto, barafu iliyoenea takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imesalia pungufu ya 2 ilipofika 2011.

Njia za kupandia za Machame na Lemosho hutokea Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kibo. Ile ya Marangu, yenye vibanda vya kulala, hupitia Gilman's Point. Toka Stella kwenda Uhuru, barafu za kusini zi mkono wa kushoto, na ile ya Furtwängler, iliyomo ndani ya kreta, i kuliani. Azitazame kwa mbali, maana humeguka ghafla. Na Januari 2006, katika njia ya Western Breach, mawe yaliporomoka yakaua wapandaji watatu.

Majira mema ni Januari na Februari, ama Juni hadi Oktoba. Ni lazima apande na kiongozi mwenye leseni. Na maadamu mwili huzoea kimo taratibu, siku saba ni bora kuliko tano. Usiku wa kilele chupa ya maji iwekwe kichwachini, kwani maji huanza kuganda juu. Kichwa kikiuma bila kutulia, akatapika na kupepesuka, dawa ni kushuka hima, wala asione haya.

Wapagazi wapewe bakhshishi yao mkononi. Naye asiyejaliwa kupanda, na asimame Moshi alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika mlima, ataziona barafu za kusini bila ya gharama.