Jirani, Polisi na Mahakama

Sheria ya Marekani ya mwaka 1871 yampa mtu ruhusa ya kumshitaki ofisa aliyemvunjia haki za Katiba. Wengine huitumia wakidai polisi walimpendelea jirani. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani iliyoko Chicago ilikataa dai la namna hiyo kutoka Wheeling, Illinois, kwa kuwa nia mbaya ya polisi haikuthibitishwa. Mwaka 2005, katika shauri la Castle Rock, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata mwenye amri ya ulinzi hana haki ya Katiba ya kudai polisi waitekeleze.

Twajifunza nini? Mahakama hupima kosa la polisi. Ugomvi wenyewe hubaki uani. Penye hatari tuite polisi. Penye ua na kelele, tuwaite wazee mapema.