Naomi Alirudi Mikono Mitupu
Soma: Ruthu 1:19-22

Nauli za kwenda ushago zimeshapanda, na baada ya ibada kuna watu wananijia na swali moja: Pasta, nirudi nyumbani na nini? Mmoja amepoteza kazi. Mwingine alimzika mama mwezi wa nane na hawezi kufikiria kuingia jikoni mwake. Redio zinacheza nyimbo za Krismasi, nao wanaona aibu kuhuzunika.

Tumwangalie Naomi. Njaa ilimtoa Bethlehemu pamoja na mume na wana wawili. Baada ya miaka kama kumi anarudi, wote watatu amewaacha kaburini Moabu. Na angalia amefika lini: mwanzo wa mavuno ya shayiri, watu wakiwa na furaha. Wanawake wanamshangaa. Hakujifanya. Aliwaambia waache kumwita Naomi, wamwite Mara, yaani uchungu, na Mungu mwenyewe akamtaja katika malalamiko yake. Sioni mahali Mungu alimkemea. Sisi tungemwambia, "Dada, kiri ushindi!"

Nilisomea biashara. Hasara usipoiandika kwenye vitabu haiondoki, inaharibu hesabu za mwaka unaofuata. Naomi aliiandika.

Kwa hivyo kabla hujapanda matatu, pigia mtu mmoja nyumbani umwambie ukweli: nakuja, lakini mwaka huu sina pesa ya mbuzi. Afadhali hivyo kuliko kukopa kwa simu halafu karo ya Januari ikukute na deni. Nawe uliyefiwa, mtaje marehemu kwa jina mkiwa mnakula. Mara nyingi watoto wanangoja mkubwa aanze.

Mnaopokea wageni, kuna jambo: Naomi alisema amerudi mtupu, na Ruthu amesimama hapo kando yake! Hatusomi kwamba Ruthu alimjibu. Tunasoma kwamba alienda shambani kuokota masazo ili wapate kula. Basi mgeni wako mpe chai, mpe mahali pa kulala, na usimuulize habari za kazi mbele ya watu.

Usingizi ukikuhama wiki nyingi, au ukifikiria kujidhuru, usingoje mwaka mpya. Nipigie, uende na hospitali pia. Daktari hapingani na maombi.

Wanaobaki mjini, tarehe 25 ibada ni saa tatu asubuhi, kisha tutakula pamoja hapa kanisani. Kujeni hata kama hamna cha kuchangia.