SOMO: TUSOME WALIYOYAONA WENGINE KABLA YA KUANZA MRADI



Kikundi kinapochanga pesa, kila shilingi ina mwenyewe. Kuna mama aliyeuza kuku, kuna mzee aliyeuza gunia la mahindi. Kwa hivyo kabla ya kuzitia pesa hizo kwenye mradi, yafaa tujue ni nani waliojaribu jambo hilo mbele yetu, walifaulu wapi na walishindwa wapi. Chuoni kazi hii huitwa mapitio ya maandishi. Lakini si ya wanachuo peke yao. Kikundi chenye watu wawili wanaosoma vizuri chaweza kuifanya.

1. Andikeni swali moja

"Habari za mahindi" ni pana mno, mtapotea. Swali zuri ni kama hili: "Je, kilimo cha sukuma-vuta chaweza kupunguza funza wa bua na kayongo katika mashamba madogo ya Bungoma?"

2. Nendeni kwenye maktaba

Kutoka Kamukuywa, vyuo vikuu vilivyo karibu ni Kibabii hapa Bungoma, Masinde Muliro kule Kakamega na Moi kule Eldoret. Kitale kuna kituo cha utafiti cha KALRO, kilichoitwa KARI zamani. Ulizeni kwanza masharti ya wageni. Bebeni kitambulisho na barua ya mwenyekiti yenye muhuri wa kikundi. Kama kijana wa kijiji chenu anasoma huko, yeye ndiye mlango wenu.

Mkifika, mwelezeni mkutubi swali lenu. Msione haya, hiyo ndiyo kazi yake. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, kwa hivyo tumieni pia majina ya kisayansi: kayongo ni Striga. Ulizeni vitu vitatu: vitabu, majarida ya utafiti, na tasnifu za wanafunzi. Tasnifu kwa kawaida husomwa palepale. Ulizeni pia kuhusu AGORA, mpango wa FAO ulioanza mwaka 2003, unaosaidia taasisi za nchi zetu kusoma majarida ya kilimo kwa kompyuta bure au kwa bei nafuu.

3. Someni kwa kalamu

Msianze ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Someni muhtasari, ukigusa swali lenu, endeleeni mpaka kwenye matokeo. Kwa kila andiko, katibu aandike: jina la mwandishi, mwaka, mahali utafiti ulipofanyika, walichofanya, na walichoona. Tazameni pia orodha ya marejeo mwishoni, kwa maana andiko moja huonyesha njia ya mengine.

4. Linganisheni

Hapa ndipo penye faida. Mtasoma kwamba sukuma-vuta ilibuniwa na ICIPE pamoja na KARI na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, ikaanza kujaribiwa kwa wakulima katika miaka ya 1990, Trans Nzoia ikiwemo. Desmodiamu iliyopandwa kati ya mistari ya mahindi hufukuza nondo wa funza. Napier iliyozunguka shamba huwavuta. Tena mizizi ya desmodiamu huziotesha mbegu za kayongo na kuzizuia kushika mizizi ya mahindi, zikafa.

Mkiishia hapo, mtakimbia kununua napier. Lakini andiko jingine litawaambia kuhusu ugonjwa wa kudumaa, ulioharibu napier nyingi katika Magharibi ya Kenya, Bungoma ikiwemo. Na maandishi ya baadaye yanaeleza brakiaria badala ya napier, pamoja na aina ya desmodiamu inayovumilia ukame, kwa sehemu kavu. Andiko moja lingewapa nusu ya habari, na hasara ingekuwa yenu. Ndiyo maana tunatazama mwaka na mahali.

5. Andikeni kurasa mbili

Aya ya kwanza: swali lenu. Aya zinazofuata zipangwe kwa mambo, si kwa waandishi: wanapokubaliana, wanapotofautiana. Aya ya mwisho: jambo ambalo bado halijulikani kwa mashamba yetu, na tutakavyolijaribu. Kwa mfano: "Tutajaribu kwanza katika kipande kimoja cha shamba la mwanachama, kando ya mahindi ya kawaida, kisha tupime mavuno ya yote mawili." Tajeni mwandishi na mwaka kila mnapochukua neno lake. Msinakili maneno ya mtu kama yenu.

Kisha someni kurasa hizo kwenye mkutano, kwa lugha ambayo kila mwanachama anaelewa. Afisa wa kilimo naye aalikwe. Mfadhili akiuliza, "Mmejuaje?", mtakuwa na jibu mkononi.

MASWALI YA KUJADILI
1. Mradi wetu wa mwisho ulianza kwa habari za nani?
2. Swali letu moja ni lipi?
3. Ni wawili gani tutawatuma, na nauli itatoka wapi?