Punda wa Shindano Hutazamwa Nini?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ukisikia mashindano ya punda hapa petu Lamu, bila shaka akili yako itakimbilia zile mbio za wakati wa Maulidi, vijana wamepanda bila tandiko na watu wamejaa gatini wakishangilia. Makala haya hayahusu mbio. Liko shindano jingine, la kimya kimya, ambalo punda hakimbii hata hatua moja. Husimama tu akakaguliwa, na mwenye punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote akapewa zawadi. Nimeona niandike juu ya hilo kwa sababu wenzangu wengi darasani wanadhani mshindi huchaguliwa kwa ukubwa au kwa rangi. La hasha!

Shindano hilo limetokana na kituo cha punda kilichofunguliwa mjini Lamu mwaka 1987. Shirika lililokifungua ni la Uingereza, na lilianzishwa mwaka 1969 na Bi. Elisabeth Svendsen. Kazi kubwa ya kituo ni tiba bila malipo. Shindano lilikuja kama njia ya kuwavuta wenye punda, maana mtu huona uzito kumpeleka punda wake kwa daktari lakini zawadi hakuna asiyeitaka.

Kwingineko duniani mashindano ya wanyama ni ya nasaba. Uingereza, kwa mfano, wako sungura wa kufugwa ambao masikio yao hayasimami bali yananing'inia mpaka chini. Siku ya shindano masikio hayo hunyooshwa yakapimwa kwa rula, kutoka ncha hii hadi ncha ile, na mfugaji anaweza kukutajia baba na babu wa sungura wake kama sisi tunavyotaja koo zetu. Hata katika maonyesho ya kilimo ya Mombasa, ng'ombe wa maziwa huingia na jina la aina yake. Hata punda amewahi kupata heshima hiyo. Unguja ya karne ya 19, punda mweupe wa Maskati alikuwa kipando cha watu wenye nafasi, wala hakuwekwa sawa na punda wa mizigo.

Punda wetu hana cheti. Ni mdogo, wa kijivu au kahawia, ana mstari mweusi mgongoni unaokatwa na mwingine mabegani. Lakini kama ni nasaba, basi yeye ndiye mwenyewe! Mwaka 2022 wataalamu waliochunguza vinasaba vya punda wa nchi nyingi walitangaza kwamba punda wote wa kufugwa asili yao ni moja, na walianza kufugwa upande wetu huu wa Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita. Hao wa Maskati nao wametoka kwetu.

Haya, turudi kwenye ukaguzi. Jambo la kwanza ni mgongo. Mkaguzi haangalii tu, bali hupapasa, kwani manyoya huficha mengi. Punda anayebeba mchanga na matofali kutoka gatini mpaka ndani ya mji huumia mahali palepale kila siku: juu ya mabega, chini ya mkanda wa tumboni, na chini ya mkia kama kuna kamba inayopita huko. Kamba ya nailoni ni adui, hukata ngozi kama wembe. Afadhali kamba izungushiwe kitambaa cha pamba, na shogi (ule mfuko wa ukili unaoning'inia huku na huku) iwekewe matandiko mazito chini yake. Tena matandiko yafuliwe. Chumvi ya jasho ikikauka inakuwa kama msasa.

Halafu miguu. Kwato za punda hukua kama kucha zetu na hutaka kuchongwa kila baada ya wiki sita mpaka kumi hivi. Ukiziacha huinuka mbele kama viatu vya mfalme katika picha, na punda akaanza kutembea kwa visigino. Kila mguu huinuliwa, uchafu ukachokorwa, na mkaguzi akanusa. Ndiyo, hunusa! Ukwato uliooza una harufu yake. Miguu ya mbele pia hutazamwa kama ina alama za kamba, maana wako watu ambao hadi leo humfunga punda miguu pamoja asiende mbali.

Unene nao una hesabu yake, na hapa wengi hukosea. Punda mwenye tumbo kubwa si lazima awe ameshiba, pengine amejaa minyoo. Wataalamu hutoa alama 1 hadi 5, na alama nzuri ni 3. Alama 1 ni mifupa mitupu, na 5 ni mafuta yaliyojikusanya shingoni mpaka shingo ikalala upande. Ukitaka kujua punda wenu yuko wapi, mpapase mbavu. Ukizihisi chini ya mkono bila kuziona kwa macho, mko salama. Tena kuna jambo la plastiki. Punda wa Lamu akishafunguliwa mizigo huzurura mitaani akila anachokuta. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini taka bado zipo, na plastiki ikishakunjamana ndani ya utumbo haitoki. Mwenye punda anayemwekea majani na maji nyumbani huonekana siku ya ukaguzi bila kusema neno.

Mwisho ni mdomo. Punda hana cheti cha kuzaliwa, lakini meno hayasemi uongo. Meno ya mbele ya utoto huanza kutoka akikaribia miaka mitatu, kwanza yale ya katikati, kisha yanayofuata, na yale ya pembeni hukamilika karibu na miaka mitano. Kwa hiyo ukiletewa punda mwenye meno ya utoto na alama za mzigo mgongoni, umeshajua kisa chake. Punda hafai kubeba mzigo mzito kabla ya miaka minne kwa sababu mifupa yake haijakomaa. Mfuko mmoja wa simiti ni kilo 50. Mifuko miwili ni kilo 100, na punda wetu mwenyewe mara nyingi hafiki kilo 200. Mtoto wa miaka miwili akitwikwa hivyo hupinda mgongo na hapati kunyooka tena. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote, kupita hata vidonda, kwani kidonda hupona.

Hapa ndipo pagumu kwa mwenye punda, nami sitaki kuandika kana kwamba ni jambo jepesi. Sungura hubeba mimba mwezi mmoja akazaa watoto wengi. Punda jike hubeba mimba miezi kumi na miwili, pengine na zaidi, akazaa mmoja. Mtoto hunyonya kama nusu mwaka, kisha mngoje mpaka miaka minne. Yaani tangu jike kupandwa mpaka mtoto kubeba simiti ni miaka mitano ya kulisha bila kulipwa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyoleta hatari katika biashara ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa China kutengenezwa dawa. Kenya iliruhusu punda kuchinjwa mwaka 2012, na machinjio yalipofunguliwa bara wizi wa punda ukazidi. Mwaka 2020 serikali ikapiga marufuku, mwaka 2021 mahakama ikaitengua marufuku hiyo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo bara zima. Mnyama anayezaa mmoja kwa mwaka, akijaliwa, hawezi kushindana na kisu cha machinjio.

Nyumbani kwa ami yangu wako punda wawili. Jike ana mimba ya miezi tisa na hapewi tena mizigo mizito, kwa hivyo fedha za mchanga zinaletwa na dume peke yake. Fundi mmoja amekuja mara mbili kumtaka jike kwa malipo ya juu. Ami amekataa mara zote mbili, ingawa ada ya shule ya muhula huu bado haijatimia. Shindano likija atampeleka dume, na jioni jioni sasa ananifundisha namna ya kumwinua mguu wa nyuma bila kupigwa teke: simama ubavuni, mwanzie begani, uteremshe mkono taratibu huku ukizungumza naye.