Somo la Ufundi: Kompyuta ya Motokaa Hujifunza Nini?

Katika barabara ya kando ya ziwa, kutoka Bujumbura mpaka Rumonge na kuendelea mpaka Nyanza-Lac, motokaa ndogo za Toyota Probox huchukua watu na mizigo. Mwenye motokaa ya namna hiyo akitaka kuiongezea nguvu, huenda akaweka bomba pana la kuingizia hewa, au bomba jipya la moshi. Akiuliza kama injini itapatana na mabadiliko hayo, huambiwa, "Usihofu, kompyuta itajizoesha yenyewe." Maneno haya yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Na tuyachungue.

1. Kazi ya kompyuta

Petroli haiwaki vema ila ikichanganywa na hewa kwa kipimo. Kipimo chenyewe ni gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Zamani kazi hii ilifanywa na kabureta. Katika Probox, kipima-hewa kilichomo katika njia ya hewa huhesabu uzito wa hewa inayoingia. Kompyuta huigawanya hesabu hiyo kwa 14.7, kisha huziamuru nozeli zinyunyize petroli ya kutosha. Moshi unapotoka, kipima-oksijeni huupima na kuleta habari: petroli imepungua, au imezidi. Vipima-oksijeni vya kampuni ya Bosch ya Ujerumani vilianza kutiwa katika motokaa za Volvo mwaka 1976.

2. Kupima si kujifunza

Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya bahari. Mji wa Bururi uko milimani, yapata mita 1,000 juu ya ziwa, na huko hewa ni nyepesi kwa sehemu 1 hivi katika 10. Motokaa ikipanda kutoka Rumonge kwenda Bururi, kompyuta hupunguza petroli papo hapo. Je, imejifunza? Hasha! Imepima tu, maana kipima-hewa huhesabu uzito. Kujifunza huanza pale kipimo chenyewe kinapodanganya.

3. Mfano wa hesabu

Tuseme injini inavuta gramu 147 za hewa. Inahitaji gramu 10 za petroli. Sasa mwenye motokaa ameweka bomba pana kuliko la kiwanda, na kipima-hewa kimehamishiwa humo. Kwa kuwa hewa hupita polepole katika bomba pana, kipimo chasoma gramu 132 tu. Kompyuta yatoa gramu 9 hivi za petroli, na mchanganyiko unakuwa 16.3 kwa 1. Petroli ni haba.

Kipima-oksijeni hugundua hewa iliyobaki katika moshi. Kompyuta huongeza petroli kidogo kidogo mpaka zifike gramu 10, yaani nyongeza ya asilimia 11. Nyongeza hiyo ikidumu, huihifadhi katika kumbukumbu yake, na kesho huanzia hapo. Huku ndiko kujizoesha.

Lakini angalia jambo moja: kompyuta imerudi palepale, kwenye 14.7. Haikutambua kwamba umeweka bomba jipya. Imedhani kuna kosa, ikalisahihisha. Haikutafuta nguvu mpya hata kidogo.

4. Mipaka yake

Kwanza, masahihisho yana kikomo. Katika motokaa nyingi yakikaribia asilimia 25, taa ya injini huwaka, na kompyuta huandika kosa.

Pili, dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho, kama katika mlima mrefu na mzigo mzito, kompyuta haifuati tena habari za kipima-oksijeni. Hufuata majedwali ya kiwanda, yanayotaka petroli zaidi, karibu 12 au 13 kwa 1. Huenda ikatumia sahihisho ililohifadhi, lakini hakuna wa kuhakikisha kama latosha. Petroli ikiwa haba wakati huo, moto huzidi, injini hugonga, na pistoni zaweza kuungua. Kipimo cha mgongo huchelewesha cheche ili kuiokoa injini, na nguvu hupungua badala ya kuongezeka.

Tatu, kompyuta huamini inachoambiwa. Bomba la moshi likifungwa vibaya, hewa ya nje hupenya kabla ya kipima-oksijeni. Kompyuta hudhani petroli imepungua, ikaongeza bure. Ikiongeza asilimia 15, safari ya lita 20 itakula lita 23. Katika Burundi, ambako petroli iliadimika mara kwa mara miaka ya 2022 hadi 2024, lita 3 si jambo dogo kwa anayeishi kwa motokaa yake.

5. La kufanya

Fundi mwema husoma masahihisho kwa mashine ya uchunguzi kabla ya kubadili kitu, na tena baada ya siku chache za safari. Yakiwa karibu na sifuri, ni vema. Yakipita asilimia 10, atafute sababu. Kuondoa waya wa betri si dawa, maana kumbukumbu hufutika, na kosa lililobaki hufundishwa upya. Anayetaka nguvu kweli hana budi kuandikiwa majedwali mapya na mtu mwenye vipimo, wala si kuiachia kompyuta ibahatishe.

Maswali

1. Kwa nini kupanda Bururi hakuhesabiwi kuwa kujifunza?
2. Injini yavuta gramu 294 za hewa, na kipimo chasoma gramu 250. Petroli itapungua kwa gramu ngapi?
3. Masahihisho yamefika asilimia 18 baada ya kubadili bomba la moshi. Utakagua nini kwanza, na kwa nini?