Umbali wa Kazi Chini ya Hadubini: Somo kwa Mafundi wa Nakshi na Wanaowatibu

Tabora ilikua kwenye njia ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe, shanga na nguo, na pamoja nazo desturi ya pwani ya kutia nakshi milango. Nakshi ya mlango huchongwa kwa macho matupu. Ile ya pete huhitaji hadubini, na hapo sonara hukutana na tatizo analolijua pia daktari wa upasuaji: mkono na chombo hukosa nafasi chini ya lenzi.

Umbali wa kazi ni nafasi iliyopo kati ya lenzi ya chini na kitu kinachotazamwa, wakati kitu hicho kinapoonekana wazi. Katika upasuaji, lenzi yenye fokasi ya milimita 200 hutumika sana kwa jicho, 250 kwa sikio na 400 kwa koo, kwa sababu vyombo vya koo ni virefu.

Sonara anaweza kuongeza nafasi kwa kufunga lenzi ya ziada ya 0.5 chini ya hadubini yake. Umbali wa kazi hukaribia kuongezeka mara mbili, na eneo linaloonekana hupanuka. Lakini ukuzaji hupungua kwa nusu: hadubini ya mara 7 hadi 45 hubaki na mara 3.5 hadi 22.5. Kuweka lenzi za jicho za mara 20 badala ya 10 hurudisha ukuzaji huo, ila hupunguza eneo linaloonekana na hakuongezi undani wa picha.

Jambo linalosahaulika ni shingo. Umbali ukiongezeka kwa sentimita 10, lenzi za jicho nazo hupanda kwa kiasi hicho, na fundi hulazimika kunyoosha shingo kuzifikia. Dawa yake ni kushusha jiliwa linaloshika kazi, au kuinua kiti na kuweka kibao chini ya miguu. Mpangilio uanze na mwili: nyayo zitulie, mgongo unyooke, mikono ya mbele iegemee meza. Hadubini ifuate baadaye. Miwani ya kinga ivaliwe, kwa kuwa vipande vya chuma huruka.

Mhudumu wa afya amuulize mgonjwa kazi yake. Ganzi ya usiku katika kidole gumba, cha shahada na cha kati yaweza kuonyesha mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni mwa mkono. Maumivu ya shingo yanayoshuka mkononi pamoja na udhaifu yahitaji uchunguzi wa haraka. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe na kilichochoma kisichomolewe. Mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lenzi hununuliwa tena. Shingo na jicho havina duka.