Dondoo muhimu: Kabla hujakalia chombo chako cha kuruka chenye mota

Mwaka 2011 Mjerumani Thomas Senkel alipaa kwa sekunde 90 akiwa kwenye chombo cha umeme chenye rafadha 16. Wingi huo una sababu: ukiwa na mota 4, moja ikizima tu, chombo kinapinduka. Fundi, usishuke chini ya 8.

Buseresere, mkoani Geita, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Mota inayotosha pwani, Buseresere itahema.

Kwa majaribio, kitini weka kwanza kiroba cha mchanga chenye uzito wako, chombo kikiwa kimefungwa kamba ardhini. Betri ya lithiamu iliyovimba usiichaji tena kamwe. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kiombe mapema.